Spika Sita Si 5.1: Kusoma Maandishi ya Kava, Deki na Boksi la Sabufa

Chukua diski ya "nane kwa moja" kutoka meza yoyote ya barabarani usome kava lake. Juu wameandika HD, yaani picha ya ubora wa juu, pembeni kuna alama ya Dolby, chini kabisa 5.1, yaani sauti ya chaneli sita: tano za kawaida na moja ya besi. Sasa piga hesabu. DVD ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4.7. Filamu moja ya saa mbili ikikaa humo peke yake inapata megabiti 5 na ushee kwa kila sekunde, picha na sauti pamoja. Zikipangwa nane, hizo ni saa kumi na sita za filamu, na kila sekunde inaambulia kilobiti 650 hivi. VCD, mfumo wa diski za video wa mwaka 1993 ambao wengi wameshausahau, huipa picha peke yake kilobiti 1,150.

Kwa hiyo diski hiyo "ya HD" ina kama nusu ya data ya VCD kwa kila sekunde. Sauti ya Dolby 5.1 kwenye DVD halisi hula kilobiti 384 au 448. Ingeachwa humo, picha ingebaki na kama 200 tu. Aliyezibana filamu hizo akafanya kinachowezekana: alizikunja chaneli sita zikawa mbili. Alama za kava zimenakiliwa tu kutoka kava la diski ya asili. Tumtendee haki: wengi wao hubana kwa MPEG-4, ambayo inabana vizuri kuliko MPEG-1 ya VCD, ndiyo maana picha inavumilika kwenye TV ndogo. Sauti ya kuzunguka, ile mafundi wanayoiita sarandi, haimo, na hakuna sabufa itakayoirudisha.

Suala zima liko hapo. Sauti ya filamu hupita vituo vitano: diski, deki, waya, amplifaya, spika. Kila kituo kina kikomo chake, na unachosikia ni kikomo cha kituo kilicho dhaifu kuliko vyote. Maandishi ya kwenye boksi hukueleza kituo kimoja tu, tena kikiwa katika hali yake bora.

Diski zenyewe

Diski zote hizi zina kipenyo cha sentimita 12 na unene wa milimita 1.2, ndiyo maana macho hayazitofautishi. Tofauti iko kwenye ukubwa wa mistari ya data na rangi ya leza inayoisoma. Kwenye CD na VCD mistari imeachana kwa mikromita 1.6 na inasomwa kwa leza ya nanomita 780. DVD imeisogeza hadi 0.74, kwa leza nyekundu ya nanomita 650. Blu-ray imefika 0.32, kwa leza ya bluu-zambarau ya nanomita 405. Deki ya DVD haiwezi kusoma Blu-ray hata fundi aifanyie nini, kwa sababu nukta ya leza yake ni pana kuliko mistari anayotaka isome. Deki ya Blu-ray inasoma DVD kwa sababu imewekewa leza nyekundu pia.

VCD ina picha ya pikseli 352 kwa 288 na dakika 74 hadi 80 kwa diski. Ndiyo sababu filamu ilikuja kwa diski mbili na mtu akalazimika kunyanyuka katikati. DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996, ina pikseli 720 kwa 576 kwa mfumo wa TV wa PAL au 720 kwa 480 kwa ule wa NTSC. Ikiwa na matabaka mawili inafika gigabaiti 8.5. Blu-ray ilitoka 2006, ikashindana na mfumo pinzani wa HD DVD hadi Toshiba ilipoiacha HD DVD Februari 2008. Inabeba gigabaiti 25 au 50 na picha ya 1920 kwa 1080. Ya mwisho katika ukoo huu ni Ultra HD Blu-ray ya 2016: 3840 kwa 2160, gigabaiti 66 au 100 kwa kawaida, na inahitaji deki yake maalumu. PlayStation 4 haiisomi, hata ile ya Pro. PlayStation 5 yenye sehemu ya diski inaisoma.

DVD ya filamu haiwezi kuwa HD. Kanuni za mfumo wenyewe haziruhusu. Kinachowezekana ni kuandika faili la MP4 au MKV la HD juu ya diski ya DVD, kama ungeliweka kwenye flashi. Hapo inategemea kama deki yako inafungua mafaili ya namna hiyo, na deki nyingi za bei nafuu zinaishia kwenye AVI ya DivX au Xvid.

Geuza diski utazame tumbo lake. Fedha safi maana yake imechapwa kiwandani. Zambarau au bluu ni DVD-R iliyochomwa kwa kompyuta, na rangi yake hiyo hufifia ikianikwa juani au kuachwa kwenye dashibodi ya gari. DVD ya kiwandani yenye matabaka mawili kwa kawaida ina wekundu wa dhahabu.

Diski huanza kusomwa kutoka ndani kwenda nje. Kwa hiyo DVD ya tabaka moja inayoganda dakika za mwisho ina tatizo ukingoni, mahali ambapo vidole hushika. Ya matabaka mawili ina tabia nyingine: karibu na katikati ya filamu leza huhamia tabaka la pili, na kusita kwa chembe ya sekunde ni kawaida. Ikigoma kabisa hapo, na diski nyingine za matabaka mawili zikigomea katikati vilevile, lenzi ndiyo imechoka au imejaa vumbi. Tabaka la pili hurudisha mwanga kidogo, na lenzi dhaifu hushindwa hapo kwanza.

Kusafisha diski ni kitambaa laini, maji, sabuni kidogo, na kufuta kwa mstari mnyoofu kutoka katikati kwenda ukingoni. Ukifuta kwa kuzungusha, mkwaruzo utakaouacha utaufuata mstari wa data na kufuta vipande vingi mfululizo, zaidi ya vile deki inavyoweza kujaziliza. Mkwaruzo unaoukata mstari hupoteza vipande vichache tu. Petroli, tina ya rangi na dawa ya kufutia rangi ya kucha huila plastiki yenyewe. Dawa ya meno inaweza kulainisha mkwaruzo mdogo wa CD au DVD, lakini usiipake Blu-ray: data yake iko milimita 0.1 tu kutoka upande unaosomwa, chini ya ngozi ngumu ambayo ukishaisugua huirudishi. Kwenye CD ni kinyume: data iko mara tu chini ya upande wa maandishi, kwa hiyo CD iliyochubuka juu ndiyo imekufa.

Kanda, PAL na picha iliyopotea

Kanda ni alama ya eneo la dunia ambako diski imeruhusiwa kuchezwa. Afrika Mashariki iko kanda ya 5 kwa DVD na kanda B kwa Blu-ray. Diski aliyokutumia ndugu aliye Muscat au London ni kanda ya 2 kwa DVD, ila kwa Blu-ray ni B kama yetu na itacheza. Iliyotoka Marekani ni kanda ya 1, au A kwa Blu-ray. India iko nasi kwenye kanda ya 5 ya DVD, lakini Blu-ray zake ni C. Deki nyingi za DVD zinazouzwa kwetu zimeshafunguliwa kanda zote, kwa hiyo tatizo hili hulikuta zaidi kwenye kompyuta, ambayo inakuruhusu kubadili kanda mara tano tu kisha inajifunga. Ultra HD Blu-ray haina kanda.

Filamu hupigwa fremu 24 kwa sekunde. PAL huonyesha 25, kwa hiyo DVD ya PAL huharakishwa kwa asilimia 4: filamu ya dakika 120 huisha kwa 115, na sauti za watu hupanda kidogo. Diski si mbovu.

Kuna kosa dogo ambalo limewapeleka watu wengi kwa fundi bure. Rimoti za deki nyingi zina kitufe cha P-SCAN au V-MODE. Mtoto akikibonyeza, deki huhama na kutoa picha kwa nyaya za kijani, bluu na nyekundu, wakati wewe umechomeka ule wa njano. Picha hupotea au hucheza vibaya, sauti ikiendelea. Usiguse SETUP, maana hutaiona menyu. Toa diski, kisha bonyeza V-MODE mara moja, subiri sekunde tatu, bonyeza tena, hadi picha irudi. Picha ikirudi bila rangi, angalia kama waya wa njano haujaingia kwenye tundu la kijani, au kama TV haijachaguliwa Component badala ya AV. TV bapa nyingi zinatumia tundu moja kwa vyote viwili.

Nambari za sauti

Nambari ya kwanza huhesabu chaneli za kawaida, ya pili chaneli ya besi, na ya tatu, ikiwapo, spika za juu darini. 2.0 ni stirio. 5.1 ni kushoto, kulia, katikati, pembeni kushoto, pembeni kulia, na moja ya besi. 7.1 inaongeza mbili za nyuma kabisa. 5.1.2 ni 5.1 na mbili za juu.

Ile ".1" ndiyo inayochanganya watu. Ni chaneli iliyorekodiwa peke yake kwa ajili ya milipuko na ngurumo, inayoishia kwenye 120 Hz. Sabufa ni kitu kingine: ni spika, na kazi yake ni kutoa besi yoyote inayopelekewa. Filamu ya 5.1 inapokunjwa kuwa chaneli mbili, deki kwa kawaida huitupa ".1" moja kwa moja. Besi unayoisikia kwenye sabufa ya 2.1 ni ile iliyokuwa ndani ya kushoto na kulia, ikachujwa na amplifaya. Inaweza kutikisa madirisha na bado chaneli ya besi ya filamu isiwemo.

Majina yanayofuata ni ya namna ya kuzibana chaneli hizo. Chaneli sita zisizobanwa, kwa biti 16 na kHz 48, zingehitaji megabiti 4.6 kwa sekunde, karibu nusu ya kasi ya juu kabisa ya data inayoruhusiwa kwenye DVD. Dolby Digital, inayoandikwa pia AC-3, inazibana hadi kilobiti 448 kwenye DVD na 640 kwenye Blu-ray. DTS, mpinzani wa Dolby, ile ya kawaida hutumia 754 au 1,509. Nambari kubwa ya DTS haina maana kwamba lazima ni bora kwa sikio. Namna zake za kubana ni tofauti. Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio za kwenye Blu-ray hubana bila kupoteza chochote: zikifunguliwa, unapata kile kile kilichotoka studio. PCM ni sauti isiyobanwa kabisa.

Dolby Atmos, iliyoingia kwenye kumbi za sinema 2012 na majumbani 2014, ni mpango mwingine. Juu ya chaneli za kawaida kuna sauti zinazobebwa kila moja na maelezo ya mahali ilipo chumbani, na amplifaya ndiyo inayopiga hesabu ya spika ipi itoe nini. Kwenye diski hupanda juu ya TrueHD. Kwenye filamu za mtandaoni hupanda juu ya Dolby Digital Plus. Amplifaya isiyoijua hupiga 5.1 au 7.1 iliyo chini yake bila kulalamika.

Pro Logic iko upande wa pili kabisa. Hiyo huchukua stirio na kuitandaza: kilicho sawa kushoto na kulia hupelekwa katikati, kinachotofautiana kwa namna fulani hupelekwa nyuma. Filamu za kutafsiriwa, ambazo msimulizi ameweka sauti yake juu ya filamu, kwa kawaida zimebaki stirio au mono. Kwa hizo Pro Logic II ina msaada halisi, kwa kuwa sauti ya msimulizi inatulia katikati ya kioo. V-SURR, sarandi ya kuigiza ya deki nafuu, ni mchezo wa mwangwi tu, na maneno huwa mazito kueleweka. Izime.

Waya ndiko mambo yanakofia

Mzigo unaouzwa sana ni sabufa ya 5.1: spika tano ndogo na boksi la besi. Nyuma yake kuna matundu sita, FL na FR (mbele kushoto na kulia), SL na SR (pembeni kushoto na kulia), CEN (katikati) na SW (besi), na pembeni matundu mawili ya AUX, jekundu na jeupe. Mnunuzi huchomeka nyaya mbili kwenye AUX, spika zote zinalia, basi anaona kazi imekwisha. Zinazolia ni nakala za stirio. Spika ya nyuma inarudia muziki ule ule wa mbele.

Sabufa ya aina hiyo mara nyingi haina dikoda ndani, yaani sehemu ya kuifungua sauti iliyobanwa. Ili upate 5.1 halisi, deki ndiyo ifungue Dolby, na wewe uvute nyaya sita kutoka matundu sita ya deki hadi matundu sita ya sabufa. Kama nyuma ya deki kuna mawili tu ya sauti, njia hiyo haipo, na bora ujue kabla ya kununua.

Kisha ingia SETUP ya deki, kwenye Speaker Setup, na utafute Downmix. LT/RT na STEREO ni za nyaya mbili, 5.1CH au OFF ni ya nyaya sita. Ukikosea hapa unapata ugonjwa unaojulikana kuliko yote: muziki na milipuko inasikika vizuri, lakini watu wanaongea kama wako chumba cha pili. Deki imewekwa 5.1, nyaya ni mbili, na chaneli ya katikati, ambako karibu maneno yote ya filamu yamewekwa, haijachomekwa popote. Weka STEREO, na maneno yatagawanywa kushoto na kulia.

Njia ya pili ni waya wa mwanga au ule wa koaksia, kwenda kwenye amplifaya yenye dikoda. Kwenye Digital Output ya deki chagua RAW, au Bitstream kama deki ni mpya, ili ipeleke Dolby ikiwa imebanwa vilevile. Ukiacha PCM, waya huo unapitisha chaneli mbili tu. Ukipeleka DTS kwa kifaa kisichoijua utapata kimya, au mvumo wa "shhhh" mkali. Bonyeza AUDIO kwenye rimoti uchague njia ya Dolby. Ugonjwa wa namna hii unaonekana pia kwenye flashi: faili la MKV lenye DTS, picha safi, sauti hakuna, kwa sababu TV nyingi haziifungui DTS.

TrueHD na DTS-HD hazipiti kwenye waya wa mwanga. Deki ya Blu-ray itapeleka badala yake Dolby au DTS ya kawaida iliyo kwenye diski hiyo hiyo. Kwa hizo kubwa unahitaji HDMI moja kwa moja hadi kwenye amplifaya. Ukipitia TV kwanza, ARC ya kawaida, yaani njia ya HDMI inayorudisha sauti kutoka TV hadi amplifaya, haizibebi; eARC, toleo lake jipya, inazibeba. TV nyingi, zikipokea 5.1 kwa HDMI, huipunguza kuwa stirio kabla ya kuitoa kwa waya wa mwanga, kwa hiyo ikiwezekana usiipitishe sauti kwenye TV kabisa. Na deki za Blu-ray zilizotengenezwa baada ya 2013 hazitoi picha kwa nyaya za rangi. Ukiwa na TV ya chogo, hazikufai.

Kujua unachopata ni rahisi kuliko kubishana na muuzaji. Filamu ikicheza, bonyeza DISPLAY au OSD. Ukiona AC3 6CH au 5.1CH, diski ina chaneli sita. Kisha soma kioo cha amplifaya, kama kipo: kikiandika Dolby Digital, zimefika, kikiandika PCM wakati uko kwenye waya wa mwanga, zimeishia kwenye deki. Kitufe cha TEST cha sabufa kinathibitisha spika zimeunganishwa tu, hakisemi chochote kuhusu filamu.

Wati, na mahali pa kuweka spika

PMPO, ile namba kubwa ya wati iliyoandikwa kwenye boksi, haina kanuni inayoifunga. Mtengenezaji anaweza kuandika anachopenda. Tafuta RMS, yaani wati inazoweza kutoa mfululizo. Ikikosekana, geuza boksi la besi usome kibandiko cha umeme. Kifaa kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kutoa wati 60 mfululizo kwenye spika, sembuse 10,000, maana sehemu ya umeme hugeuka joto njiani.

Spika tano zikipangwa zote kwenye meza ya TV, hata diski halisi haitasaidia. Ya katikati ikae chini au juu ya kioo. Kushoto na kulia ziachane kiasi kwamba ukikaa, kila moja iwe nyuzi 30 kutoka katikati. Za pembeni zikae nyuzi 110 hivi, yaani ubavuni mwako na nyuma kidogo, juu ya usawa wa masikio kwa sentimita 30 hadi 60. Kochi likiwa limeegemea ukuta, zitundike ukuta wa pembeni. Usizifiche nyuma ya kochi. Sauti husafiri mita 1 kwa milisekunde 3 hivi, kwa hiyo spika ya pembeni iliyo karibu nawe kuliko za mbele kwa mita 2 uipe ucheleweshaji wa milisekunde 6, au uandike tu umbali wake kama menyu inauliza mita. Spika zote ndogo ziweke Small, na mpaka wa besi 80 Hz ukichagua. Vispika vidogo vya plastiki huhitaji 120 au zaidi.

Ukimaliza, kagua waya wa kila spika: wenye mstari au wekundu uende kwenye jekundu pande zote mbili. Spika moja ikigeuzwa haifi wala hailii vibaya. Besi inapungua, sauti ya mtu aliye katikati inakosa mahali pa kukaa, na mwenye nyumba anaanza kuongeza sauti bila kujua kwa nini.